Sura ya Sita: Mkopo Ambao Haukuwapo

Mwishoni mwa Aprili 2020 habari moja ilizunguka Afrika Mashariki ikavuka hadi ng'ambo. Rais John Magufuli wa Tanzania, ilisema, amefuta mkopo wa dola bilioni 10 wa China uliotiwa saini na mtangulizi wake kwa ajili ya kujenga bandari ya Bagamoyo, na ametamka kwamba masharti yake angeyakubali mlevi peke yake. Iliingia kwenye magrupu ya WhatsApp, ikachapishwa na tovuti za habari za Kenya hadi India, ikatafsiriwa, ikarudi tena nyumbani ikiwa na picha mpya. Wengi walioisambaza walifurahi kwa dhati: hatimaye Afrika imepata kiongozi aliyekataa kufungwa kitanzi cha madeni.

Ndani ya habari hiyo mlikuwa na bandari ya kweli, rais wa kweli, hasira za kweli na tarakimu zilizokwisha kutajwa magazetini miaka kadhaa nyuma. Mkopo tu ndio haukuwapo.

Nimeichagua kuwa mfano mkuu wa sura hii kwa sababu uzushi mwingi unaotufikia umeumbwa hivyohivyo. Uongo mtupu haufiki mbali, maana mtu wa kwanza mwenye akili timamu huuona na kuutupa. Unaosafiri ni ule uliobebwa na mambo matatu ya kweli, ukakaa katikati yao kama mwenyeji.

Dai moja, mstari mmoja

Mhakiki wa taarifa anayeijua kazi yake akipokea habari ya namna hii huiandika upya, dai moja kila mstari, kisha huanza kuhangaika na kila mstari peke yake. Tufanye hivyo.

Mstari wa kwanza: kulikuwa na mpango wa bandari Bagamoyo. Kweli. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alizuru Dar es Salaam, na miongoni mwa mikataba iliyotiwa saini ulikuwamo wa awali wa bandari hiyo. Mahali palipotengwa ni Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kampuni iliyohusika ni China Merchants, na baadaye mfuko wa akiba wa serikali ya Oman ukajiunga. Tarehe 16 Oktoba 2015, siku tisa kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi.

Mstari wa pili: dola bilioni 10. Hicho ndicho kiasi kilichokuwa kikitajwa hadharani kwa mradi wote, yaani bandari pamoja na eneo la viwanda nyuma yake. Kwa hiyo tarakimu haikubuniwa Aprili 2020, iliokotwa.

Mstari wa tatu: Magufuli aliyasema vibaya masharti ya mradi. Kweli, ila aliyasema Juni 2019, Ikulu, alipokutana na wafanyabiashara kutoka wilaya zote za nchi. Alieleza kwamba wawekezaji walitaka dhamana ya miaka 33 na kupangishwa eneo kwa miaka 99, na kwamba Tanzania isiendeleze bandari nyingine katika mwambao kuanzia Tanga hadi Mtwara. Masharti hayo, alisema, ni ya kukubaliwa na mwendawazimu. Katika matoleo mengi ya Aprili 2020 miaka 33 imekuwa 30, na mwendawazimu amekuwa mlevi. Mabadiliko madogo kama haya ni alama ya njia: yanamwonyesha mhakiki kwamba maneno yamepita midomo mingi, na kwamba walioyaandika hawakurudi kwenye hotuba yenyewe.

Mstari wa nne: mkopo. Hapa nyumba inaanguka. China Merchants na Oman walikuja kama wawekezaji. Wangejenga kwa fedha watakazotafuta wao, waendeshe bandari kwa miaka mingi, warudishe fedha yao kwa mapato yake. Serikali ingetoa ardhi na kulipa fidia. Mkopo ni jambo jingine: Serikali inakopa, inajenga, bandari inakuwa yake na deni linakuwa lake. Mtu anaweza kuupinga uwekezaji wa masharti magumu kwa nguvu zote, na pengine ana haki, lakini hawezi kusema nchi imefuta deni ambalo haikuwahi kulichukua.

Mstari wa tano: amefuta sasa hivi. Hakukuwa na tangazo jipya mwezi huo. Mradi ulikuwa umekwama tangu Magufuli aingie madarakani, na mazungumzo yalikuwa yamelala. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyetangaza kwamba Serikali imeanza kuyafufua. Kilichofutwa kabisa hakingefufuliwa kwa mazungumzo.

Kweli mbili, kweli moja iliyochakaa, uongo wa aina na uongo wa wakati. Hukumu inayofaa hapo ni kwamba habari inapotosha, kisha maelezo, mstari kwa mstari, ili msomaji aone mahali ilipopindishwa.

Linabaki swali ambalo wahakiki wazoefu hawaliachi: kwa nini habari ya mwaka jana iamke leo? Aprili 2020 dunia ilikuwa ndani ya mshtuko wa korona. Mwezi huohuo video za Waafrika wakifukuzwa kwenye nyumba na hoteli mjini Guangzhou, China, zilikuwa zimewachoma watu bara zima. Hasira ilikuwa inatafuta habari ya kuegemea, na Bagamoyo ikaitoa. Anayetaka kuzuia uzushi lazima aijue hasira inayoulisha, la sivyo atabaki kukata majani huku mizizi ikichipua.

Tarakimu inayotaka kupimwa

Kuna dai jingine kuhusu Mbegani ambalo halikuitwa uzushi kamwe, kwa sababu lilisemwa na wakubwa kwa lugha ya hafla. Bandari ikikamilika, ilielezwa, itakuwa na uwezo wa makontena milioni 20 kwa mwaka na itakuwa kubwa kuliko zote Afrika.

Ahadi ya kesho haiwezi kuitwa kweli wala uongo leo. Lakini inaweza kuwekwa kando ya vitu vinavyojulikana. Mwaka 2013 bandari ya Rotterdam, kubwa kuliko zote Ulaya, ilihudumia makontena yapatayo milioni 11.6 kwa kipimo cha futi 20. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa haijafikia milioni moja. Kwa hiyo msikilizaji aliyekuwa akipiga makofi Mbegani alikuwa anaambiwa kwamba pwani ile, isiyo na reli ya kufika gatini, siku moja itapokea karibu mara mbili ya Rotterdam. Huenda ingewezekana baada ya miongo mingi na awamu nyingi. Ila mwandishi aliyeandika milioni 20 bila kuweka Rotterdam na Dar es Salaam pembeni alimpa msomaji sauti ya ngoma bila kumwonyesha ngoma.

Kwa watu wa Zinga, Pande na Mlingotini, vijiji vinavyopakana na eneo hilo, haya si maneno ya kupitishia muda. Kuna walioorodheshwa na kuthaminiwa mali zao kwa ajili ya fidia. Mtu akiamini bandari inaanza, haongezi chumba, hapandi mnazi mpya, maana mnazi unataka miaka. Akiamini imekufa, anauza. Na kila tetesi ya bandari inapoamka, madalali wa viwanja huamka nayo. Habari moja isiyo sahihi, iliyosambazwa na mtu wa Nairobi kwa nia njema kabisa, inaweza kumfikia mama wa Mlingotini ikamfanya aachie shamba kwa bei ya kutupa.

Wapagazi watatu na mwandishi mmoja

Pwani ya Bagamoyo na Unguja ina historia ndefu ya madai makubwa yaliyolazimu kuhakikiwa, na matatu kati yake yanamhusu mtu mmoja, mmisionari na msafiri David Livingstone, ambaye hakuwahi kukanyaga mji wa Bagamoyo akiwa hai.

Mwaka 1866 Livingstone aliondoka pwani ya kusini, kupitia Mikindani, kuelekea Ziwa Nyasa. Mwezi wa Desemba wapagazi wake kutoka kisiwa cha Nzwani, wakiongozwa na Musa, walitokea Unguja na habari nzito: bwana wao ameuawa na Wangoni, wao wamenusurika kwa kujificha. Musa alieleza pigo lilivyopigwa na kaburi lilivyochimbwa. Maofisa wa ubalozi wa Uingereza walimhoji, wakashawishika, na habari ikaenda London kama habari ya msiba.

Edward Young, baharia aliyewahi kufanya kazi na Musa kwenye mto Zambezi, hakuridhika. Mwaka 1867 alipewa boti ya chuma iliyoweza kufumuliwa vipande na kubebwa, akapanda Zambezi na Shire hadi Ziwa Nyasa, akauliza watu wa huko mmoja mmoja. Wakamweleza mzungu aliyepita, mavazi yake, mbwa wake, vitu alivyowapa, na njia aliyoshika baadaye, mbele kabisa ya mahali Musa alipomzika. Musa na wenzake walikuwa wametoroka, wakahitaji kifo ili walipwe mshahara wao.

Miaka mitano baadaye dai likageuka upande. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliondoka Bagamoyo mwaka 1871, akampata Livingstone Ujiji, akarudi Bagamoyo Mei 1872 na barua za mzee huyo mfukoni. Uingereza baadhi ya watu walicheka. Gazeti lake lilijulikana kwa mbwembwe, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuaminika sana. Shaka ilipungua barua zilipofika kwa waliokuwa wanaujua mwandiko: mwana wa Livingstone na maofisa wa wizara ya mambo ya nje wakathibitisha kwamba mkono ni wake.

Mara ya tatu ilikuwa maiti. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaufunga ndani ya gome la mti, wakaubeba miezi na miezi hadi pwani. Tarehe 24 Februari 1874 ulipokelewa katika misheni ya Bagamoyo, ukalala hapo usiku mmoja, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Mwili uliokauka hivyo hauna sura. Je, ni yeye kweli? Daktari wa upasuaji William Fergusson aliuchunguza London mwezi Aprili. Alienda moja kwa moja kwenye mfupa wa juu wa mkono wa kushoto, chini ya bega, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na kuunga vibaya. Ulikuwa pale, na kiungo cha uongo kilichojiunda mahali ulipovunjika. Siku chache baadaye Livingstone alizikwa Westminster.

Ziweke kesi hizi tatu pamoja uone zinavyojibizana. Musa alikuwa mpagazi, akasema uongo, akaaminiwa na ubalozi. Susi na Chuma walikuwa wapagazi, wakasema kweli, na bado mwili waliouleta ulihitaji kukaguliwa. Stanley alikuwa mwandishi wa kutiliwa shaka, na barua zake zilikuwa halisi. Cheo cha msemaji, rangi yake, sifa yake, havikumaliza hata kesi moja. Zilimalizwa na safari ya hadi mahali penyewe, mwandiko uliolinganishwa na mwandiko, na mfupa ambao alama yake ilijulikana karibu miaka 30 kabla ya kifo. Kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kukaguliwa na mtu mwingine, hata adui wa msemaji, na jibu likawa lilelile. Huo ndio ushahidi.

Bahari imerudi nyuma

Turudi kwenye simu. Tuchukue ujumbe wa aina ambayo watu wa pwani wanaijua: picha ya ufuko mtupu, madau na ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga, maji yako mbali yanaonekana kama uzi. Maandishi: "Bagamoyo sasa hivi, bahari imerudi nyuma, tsunami inakuja, mjulishe ndugu yako." Juu yake WhatsApp imeandika kwamba umesambazwa mara nyingi.

Ujumbe huu una nguvu kwa sababu una kumbukumbu. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilifika hadi Tanzania, na watu wapatao kumi walikufa, wengi wakiwa waogeleaji wa Dar es Salaam. Ni kweli pia kwamba maji yakivutwa ghafla kutoka ufukweni, hiyo inaweza kuwa dalili. Kwa hiyo mhakiki hacheki. Anaanza kazi.

Kwanza anauliza: picha hii imewahi kuonekana wapi? Anaipandisha kwenye Google Lens au TinEye, zana zinazotafuta picha kwa picha badala ya kwa maneno. Mara nyingi kazi huishia hapo, kwa sababu picha inakutwa ilishachapishwa miaka mitatu iliyopita, ufuko mwingine, pengine nchi nyingine.

Isipopatikana, anaisoma picha yenyewe. Kuna gari? Namba za magari binafsi ya Tanzania Bara zimeandikwa kwa herufi nyeusi juu ya manjano, zinaanza na T. Za Zanzibar zinaanza na Z. Kuna bango, jina la duka, rangi za sare za wanafunzi? Jua liko wapi? Ufuko wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi. Picha ya jua likizama ndani ya maji, hata iwe nzuri namna gani, haikupigwa ukiwa umesimama mbele ya soko la samaki la Bagamoyo.

Kisha anauliza mwezi. Maji ya pwani hii hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Kwenye fuko tambarare kama zile za Bagamoyo na Kaole, mita nne kwenda chini ni mamia ya mita kwenda mbali. Mvuvi yeyote anajua siku hizo, maana ndizo kina mama hutoka kwenda kuokota chaza na pweza. Mhakiki anafungua jedwali la maji, anaangalia kalenda ya mwezi, anampigia mtu aliyeko ufukweni, anaangalia kama Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, imetoa tahadhari. Kama mwezi ni mpevu, saa ya picha inalingana na saa ya kupwa na mvuvi anashangaa anaulizwa nini, jibu limepatikana.

Kuna uzushi wa upande wa pili pia, ule wa kutuliza. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia Mafia Mei 2024, wapo waliosema pwani yetu haijawahi kupigwa na kimbunga. Kumbukumbu zinawakataa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilivunja meli za Sultani bandarini Unguja na kuangusha majengo ya misheni ya Bagamoyo. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. "Haijawahi kutokea" ni dai kama madai mengine, nalo lina kumbukumbu zake za kufunguliwa.

Vilevile maneno ya sifa, kama "pekee" na "Urithi wa Dunia". Utasikia Bagamoyo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Orodha ya UNESCO iko wazi kwa kila mtu: Tanzania iliingiza njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, Bagamoyo ikiwamo, kwenye orodha ya kusubiri mwaka 2006. Kusubiri si kuandikishwa. Utasikia pia Saadani, kaskazini kidogo, ni hifadhi ya taifa pekee Afrika Mashariki inayogusa bahari. Jozani ya Unguja, hifadhi ya taifa tangu 2004, inashuka hadi mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Ukisema ni pekee miongoni mwa hifadhi za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, hapo umesimama kwenye ardhi ngumu.

Kati ya "lisemwalo lipo" na "puuzeni"

Mhakiki wa Tanzania anafanya kazi kati ya majibu mawili yaliyo tayari. La mtaani ni "lisemwalo lipo, na kama halipo laja". La ofisini ni "huo ni uvumi, puuzeni". Yote mawili yanamwondolea mtu kazi ya kutazama.

Machi 2021 yalionekana yakigongana. Rais Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu tarehe 27 Februari. Mtandaoni watu wakasema ni mgonjwa, wengine wakataja hospitali na nchi kana kwamba wako wodini. Tarehe 12 Machi, akiwa Njombe, Waziri Mkuu alisema Rais yu mzima na anaendelea na kazi. Watu kadhaa walikamatwa kwa kusambaza uvumi. Tarehe 17 kifo kikatangazwa. Mtu angeweza kusema mtaa ulishinda. Lakini waliotaja hospitali kwa jina hawakuwa na ushahidi, hata kama wasiwasi wao ulikuwa na msingi. Na kauli ya ofisi haikuwa ushahidi pia, kwa sababu haikuambatana na picha, sauti wala daktari. Jibu la uaminifu siku zile lilikuwa fupi na lisilompendeza mtu: haijathibitishwa, kinachojulikana ni tarehe ya mwisho alipoonekana.

Sheria nazo zina uzito hapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za Serikali. Ilipofika Juni 2019 ikalegezwa. Nia iliyotajwa ni kuzuia upotoshaji. Lakini mtu akiogopa kuuliza tarakimu hadharani ataiuliza gizani, kwenye sauti za WhatsApp zisizo na jina, na huko hakuna anayesahihisha mwenzake.

Siku ukurasa ulipokuwepo

Bandari ilirudi tena kwenye vinywa mwaka 2023, safari hii ya Dar es Salaam. Mkataba kati ya Tanzania na Dubai, uliotiwa saini Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023, ulizua madai kwamba bandari zimeuzwa kwa kampuni ya DP World kwa miaka 100. Upande wa pili ukajibu kwamba ni makubaliano ya kawaida yasiyo na la kuhofia.

Tofauti na Bagamoyo, maandishi yalikuwa mikononi mwa watu. Yeyote aliyetaka angeweza kufungua ibara ya 23 na kusoma. Miaka 100 haimo. Tarehe ya mwisho nayo haimo: mkataba ungeendelea mpaka shughuli zote za mradi zikome au mikataba yote iliyo chini yake iishe. Waliopiga kelele walikosea tarakimu lakini walikuwa wamegusa pengo la kweli. Waliowabeza walikuwa sahihi kuhusu tarakimu na wakanyamaza kuhusu pengo. Wanasheria walijibizana kwa ibara, wengine wakaenda Mahakama Kuu Mbeya, ambako walishindwa mwezi Agosti. Mikataba ya uendeshaji iliposainiwa Oktoba 2023, muda ulitajwa wazi: miaka 30.

Mjadala ule ulikuwa mkali, na kwenye pembe zake ulikuwa na matusi. Hata hivyo ulikuwa na kitu ambacho mjadala wa Mbegani haukuwahi kuwa nacho: ukurasa wa kunyooshea kidole. Masharti ya Bagamoyo tuliyajua kupitia hotuba. Wawekezaji wakatoa ya kwao, maofisa wakatoa ya kwao, na mwananchi akaachwa achague wa kumwamini. Hapo ndipo mkopo usiokuwapo ulipopata nafasi ya kukaa.

Wanaofanya kazi hii

Uhakiki sasa ni kazi yenye ofisi. Africa Check ilianza Johannesburg mwaka 2012. PesaCheck, iliyoanzishwa na Mkenya Catherine Gicheru mwaka 2016, ilijikita kwanza kwenye madai ya fedha za umma na huandika kwa Kiswahili pia. Hapa Tanzania, Nukta Africa ya Nuzulack Dausen inaendesha Nukta Fakti, na JamiiForums ina JamiiCheck, ambako mwananchi hupeleka dai alilotumiwa akaomba litazamwe. Mtandao wa kimataifa wa wahakiki ulioundwa mwaka 2015 chini ya taasisi ya Poynter, Marekani, una kanuni zinazoweza kusemwa kwa pumzi moja: usiegemee upande, taja vyanzo vyako, taja anayekulipa, eleza njia uliyopita, na ukikosea sahihisha mbele ya watu.

Ya nne ndiyo inayoubeba mwili wote. Mhakiki anayesema tu "si kweli" ameongeza sauti moja kwenye soko la sauti. Anayesema "hotuba ni ya Juni 2019, iko hapa, ibara ni ya 23, iko hapa, saa ya maji kupwa ni hii" amempa msomaji uwezo wa kumkatalia. Uwezo huo wa kukataliwa ndio unaomfanya aaminike.

Mipaka ipo. Masahihisho hayapati wasambazaji kama uzushi ulivyopata, kwa sababu hayafurahishi wala hayatishi. Ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia hautafutiki mtandaoni. Wahakiki wengi wanategemea wafadhili na kampuni za mitandao, na mapema mwaka 2025 Meta ilitangaza kuachana na wahakiki wake nchini Marekani, jambo lililowakumbusha wengine wote kwamba mshahara wao uko kwenye kalamu ya mtu mwingine. Kubwa kuliko yote, hakuna zana ya kufungua hati iliyofungiwa kabatini. Google Lens haisomi mkataba wa siri.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya dawa ya uzushi iko mikononi mwa wenye hati. Serikali inayochapisha mkataba siku ileile unaposainiwa, orodha ya fidia kijiji kwa kijiji na ramani yenye mipaka inawapunguzia wazushi chakula kuliko kifungu chochote cha adhabu. Na sehemu iliyobaki ni ya mpokeaji. Siku ujumbe utakapofika Zinga au Mlingotini kwamba bandari inaanza wiki ijayo, maswali ni manne: nani amesema, lini, imeandikwa kwenye hati gani, na naweza kuiona wapi? Aliyeleta habari akiweza kujibu yote, msikilize kwa makini hata kama humpendi. Akishindwa la tatu na la nne, usiuze shamba, usinunue kiwanja, na usibonyeze kumtumia mwingine.